Je, ni kasi na presha ya katriji ndizo zinazotawanya marisau?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina shotgani ya geji 12, mtutu wa sentimita 71, choki nusu. Nimenunua katriji za aina mbili, zote gramu 28 za marisau ya risasi namba 7½. Boksi moja limeandikwa mita 365 kwa sekunde, la pili mita 430. Nilipiga karatasi moja kwa kila aina kutoka mita 36 na ushee. Ya taratibu iliingiza asilimia 63 ya punje ndani ya duara la sentimita 76, ya kasi asilimia 58. Mwenzangu wa klabuni anasema presha kubwa 'inayapuliza' marisau ndiyo maana yanasambaa. Ni kweli? Na nikitaka mtawanyiko mpana au finyu, nichezee kasi?"

Jibu: Ndugu, mwenzako ameuona moshi, ila moto ameutafuta pasipo. Ni kweli kwamba katriji za kasi zilizojazwa marisau (punje) laini ya risasi, yaani ile madini, mara nyingi husambaa zaidi. Lakini presha haiyapulizi. Inayabonda, tena inayabonda mapema mno, kabla hayajatembea hata urefu wa kiganja ndani ya mtutu. Punje iliyobondwa hairuki njia moja na punje ya duara, na hapo ndipo karatasi yako inapoanza kupata matundu pembeni.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvifunga kamba moja. Kasi ni mwendo wa marisau yakishatoka mdomoni. Presha ni msukumo wa gesi ndani ya chemba (pale katriji inapokaa) na mtutu, na namba inayotajwa siku zote ni kilele chake tu. Kilele hicho hufika marisau yakiwa yamesogea sentimita chache. Baada ya hapo gesi inazidi kupata nafasi na presha inaporomoka, kiasi kwamba marisau yanapofika mdomoni kilichokuwa bar 600 (bar moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida) kimebaki makumi ya bar. Safari yote ndani ya mtutu huchukua milisekunde 3 hivi.

Kwa hiyo katriji mbili zinaweza kutoa kasi ileile zikiwa na vilele tofauti kabisa. Baruti inayowaka haraka hupiga teke moja kali kisha ikaishiwa. Inayowaka polepole husukuma kwa nguvu ndogo lakini kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu katriji nyepesi ya gramu 24, ambayo watu humpa anayejifunza, wakati mwingine ina kilele kinachokaribia au hata kuzidi kile cha katriji nzito ya magnamu. Ukimwambia mtu hivyo hakuamini, kwa sababu bega lake limemwambia kinyume. Bega linahisi uzito na kasi ya kilichotoka, halihisi kilele cha presha. Boksi lako limetaja kasi, presha halikutaja, na huwezi kuikisia moja kwa kuitazama nyingine.

Sasa tuingie ndani ya katriji. Kipenyo cha mtutu wa geji 12 ni kama milimita 18.5. Presha ya bar 600 juu ya eneo hilo ni nguvu ya tani moja na nusu na kidogo, na inasukuma mzigo wa gramu 30 tu, yaani marisau pamoja na kizibo cha plastiki kinachokaa kati yake na baruti. Piga hesabu: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde mzigo ule unaongeza kasi kwa zaidi ya mara 50,000 ya mvutano wa dunia. Punje ya namba 7½ ina kipenyo cha milimita 2.4 na uzito wa gramu 0.08 hivi, lakini katika nukta ile "inapima" kilo 4 na ushee. Katika gramu 28 kuna punje 345 au karibu na hapo, zimepangana kwa tabaka nane hivi. Punje iliyo chini kabisa imebebeshwa wenzake wote walio juu yake. Mzigo wake unapita kilo 30, na yenyewe ni kidonge cha risasi unachoweza kukikata kwa kisu cha jikoni.

Nimewahi kukusanya punje hizo baada ya kupigwa, kwa kuzipokea ndani ya maboksi marefu yaliyoshindiliwa pamba, kutoka mbali ili zisiumizwe na kusimama kwenyewe. Ukizimwaga kwenye kipande cha kioo kilichoinamishwa kidogo, zinajieleza zenyewe. Zile za tabaka za juu zinabiringika moja kwa moja mpaka ukingoni. Zile za chini zinakwenda hatua mbili, zinapinda, zinasimama. Ukiitazama moja kwa lenzi unaona vidimbwi vitatu au vinne vya bapa, pale ilipobanwa na jirani zake, kama ndimu iliyokaa chini ya gunia. Viwanda vinavyotengeneza marisau hutumia hila hiyohiyo kuchambua: punje hubiringishwa kwenye meza ya mteremko yenye mianya, ya duara huruka mwanya, yenye kasoro hutumbukia na kurudishwa kuyeyushwa. Kazi yote hiyo ya kutafuta duara safi, kisha katriji inakuja kuiharibu sehemu yake kwa kupepesa jicho.

Nje ya mtutu hewa ndiyo inayolipiza. Ukinzani wa hewa hukua kwa karibu mraba wa kasi, na kwa punje ndogo hivi ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye mita 430 kwa sekunde, hewa inairudisha nyuma punje ya 7½ kwa nguvu inayozidi uzito wake mara mia kadhaa. Punje ya duara inapokea nguvu hiyo usoni sawasawa, kwa hiyo inapungua mwendo huku ikinyooka. Yenye bapa upande mmoja inasukumwa kando, inazunguka, inasukumwa tena. Nyingi pia huchelewa, ndipo wingu la marisau linapopata mkia nyuma, urefu wa mita mbili tatu likifika kwenye shabaha, jambo ambalo karatasi iliyosimama haiwezi kukuonyesha.

Hapo kasi inaingia kama mshirika. Kasi kubwa zaidi humaanisha ukinzani mkubwa zaidi, na ukinzani mkubwa hukuza kila kasoro. Lakini angalia mpangilio wake: kasi haitengenezi kasoro, inaikuza. Punje zikibaki za duara, hakuna cha kukuzwa.

Ushahidi mzuri dhidi ya hoja ya kupuliza ni marisau ya chuma. Marekani ilipokataza marisau ya risasi kwa kuwinda ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, wawindaji wengi walihamia chuma. Chuma ni chepesi, msongamano wake haufiki 8 ilhali risasi ni zaidi ya 11, kwa hiyo watengenezaji walikifidia kwa kasi, mita 450 kwa sekunde na zaidi. Kama kasi na presha ndizo zinazosambaza, mitawanyiko ya chuma ingekuwa mipana kupita kiasi. Ikawa kinyume: choki (mbano wa mdomoni mwa mtutu) iliyokuwa ikitoa mtawanyiko wa wastani kwa risasi ilitoa mtawanyiko finyu kwa chuma. Chuma hakibondeki, basi. Katriji ya kasi sana yenye punje ngumu inaweza kabisa kuishinda katriji ya taratibu yenye punje laini.

Na hata kwenye risasi ugumu unatofautiana. Watengenezaji huchanganya antimoni, metali inayoifanya risasi iwe ngumu. Katika marisau laini unaweza kukuta asilimia 1 au 2, katika yale bora 4 hadi 6. Wengine huongeza unga wa plastiki katikati ya punje ili zisigusane moja kwa moja, na huo unga, kwa maoni yangu, hufanya kazi kubwa kuliko ule mng'aro wa shaba juu ya punje, ambao wanunuzi huupenda kwa macho. Katriji zako mbili zinaweza kuwa na kiasi tofauti cha antimoni. Kama ni hivyo, ulikuwa unalinganisha madini, si kasi.

Sasa nimtetee mwenzako kidogo. Mdomoni kweli kuna gesi, na ikiwa bado ina nguvu inakisukuma kizibo kwa nyuma wakati marisau yanatoka. Kizibo kikiingia katikati ya punje, hata kidogo tu, kinazigawa. Hili huonekana zaidi kwenye mitutu mifupi na baruti inayowaka polepole, kwa sababu hapo presha ya mdomoni ndiyo kubwa. Unaona kinachochekesha: baruti ya polepole inazihurumia punje kule chemba, kisha inaweza kuzisumbua mdomoni. Choki nayo husaidia hapa, maana inakikwamisha kizibo kidogo sana na kuyaacha marisau yatangulie. Kwa mtutu wako wa sentimita 71 wenye choki nusu jambo hili ni dogo. Nisingelipa nafasi zaidi.

Kuhusu choki yenyewe niseme tu ukubwa wa athari, ili uone kasi imekaa wapi kwenye foleni. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba kwa risasi, kwenye yadi 40 ambazo ni mita 36.6, mtutu usio na choki huingiza kama asilimia 40 ya punje ndani ya duara la sentimita 76, choki robo 50, choki nusu 60, choki kamili 70. Ukizigeuza asilimia hizo kuwa upana wa wingu, mtutu mtupu unasambaza takriban mara moja na nusu ya choki kamili. Tofauti yako ya 63 na 58 ni upana ulioongezeka kwa asilimia 7 hivi. Yaani wingu lililokuwa na mita moja limekuwa na mita moja na sentimita saba. Hakuna ndege wala kisahani kitakachookoka kwa sababu ya sentimita saba.

Na hapa ndipo ninapokugombeza, kwa upole. Ulipiga karatasi moja moja. Hata katriji zinazofanana kabisa hazipigi karatasi zinazofanana, kwa sababu punje 345 zinaanguka kwa bahati. Hesabu ya bahati pekee, bila kasoro yoyote ya kiwanda, inasema asilimia 60 itapanda na kushuka kwa karibu 2.6 kutoka katriji hadi katriji. Ukilinganisha karatasi moja na nyingine, tofauti ya 3 au 4 ni kitu cha kila siku, na ya 5 wala si ajabu. Ongeza kwamba katriji halisi zina tofauti zake za baruti na mfinyango wa plastiki. Ulichopima kinaweza kuwa kasi, kinaweza kuwa antimoni, kinaweza kuwa kurusha shilingi. Ukipiga karatasi kumi kwa kila aina, ile 2.6 inashuka chini ya 1, na hapo tofauti ya 5 ingeanza kunishawishi.

Namba zilizo kwenye boksi pia zisikulaghai. Marekani kasi hupimwa kama futi 3 kutoka mdomoni. Ulaya wengi hupima mita 2.5, na wapo wanaotaja kasi ya mdomoni kabisa kwa kuwa inapendeza kuandikwa. Kati ya futi 3 na mita 2.5, punje ya 7½ imeshapoteza mita 15 hadi 20 kwa sekunde. Kama boksi zako zimetoka kwa watengenezaji wawili, huenda sehemu ya ile tofauti ya 65 ni tofauti ya mahali walipoweka mashine.

Je, ile kasi inakupa nini basi? Kidogo kuliko unavyolipia. Punje iliyotoka na mita 365 inafika mita 36 ikiwa na kama 200. Iliyotoka na 430 inafika na 215 au karibu na hapo. Zile mita 65 zimeliwa na hewa njiani, zimebaki kumi na kitu. Bega lako halikupata punguzo hilo: kwa bunduki ileile, nguvu ya teke imepanda kwa zaidi ya theluthi. Kuna kanuni ya zamani ya Mfaransa, Jenerali Journée, ya kukadiria marisau yanaweza kufika umbali gani wa mwisho. Kwa mita ni kipenyo cha punje kwa milimita mara 80 hivi, na kwa usalama watu hukizidisha kwa 100. Tazama kilichokosekana. Kasi ya mdomoni haimo kabisa. Hewa huisawazisha.

Kwa hiyo usichezee kasi ili kupata upana. Ukitaka finyu, tafuta punje ngumu, kikombe kizuri cha plastiki kinachoyabeba marisau, na kasi ya wastani, kisha choki. Vikombe hivyo vilipoingia sokoni miaka ya 1960 vilibana mitawanyiko kwa sababu ya jambo dogo tu: punje za pembeni ziliacha kusuguliwa na ukuta wa mtutu. Mzigo mfupi nao husaidia, kwa kuwa tabaka za chini zinabeba wenzao wachache. Gramu 24 zinazotumika kwenye Olimpiki hupiga vizuri ajabu kwa uchache wake. Usikaze choki kupita kiasi ukidhani finyu haina mwisho. Kwa punje laini za kasi kubwa, choki kali hufika mahali inaanza yenyewe kubonda, na karatasi inafunguka badala ya kufumba. Ukitaka pana, chukua choki robo au ondoa kabisa, au tumia katriji zenye kizibo cha nyuzi kisicho na kikombe, ambazo kwa kawaida hufungua zaidi.

Kama unajaza katriji mwenyewe, nisikie hapa kwa makini: presha si bomba la kufungulia ili upate mtawanyiko. Kiwango cha juu cha Ulaya kwa katriji za kawaida za geji 12 ni bar 740, na kwa zile za nguvu ni bar 1050, kwa bunduki zilizopimwa na kugongwa muhuri kwa ajili hiyo tu. Kubadilisha fataki (kiwashio cha baruti), kizibo au hata aina ya ganda kunaweza kupandisha kilele bila kasi kubadilika vya kutosha kukuonya. Fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti neno kwa neno. Na angalia urefu wa chemba: katriji ya milimita 76 huingia vizuri kwenye chemba ya 70, lakini ikifunguka mdomo wake unaingia kwenye kile kipande kinachobana kuelekea mtutuni, na presha inapanda. Kuingia si ruhusa.

Rudia jaribio lako hivi. Weka boksi zote mbili kivulini mahali pamoja tangu asubuhi, maana joto huongeza presha na kasi, na boksi lililoachwa kwenye kiti cha gari juani halitapiga kama lililokaa begini. Karatasi za sentimita 120 kwa 120, zilizopangwa salama mbele ya tuta. Piga kwa kupokezana, ya taratibu kisha ya kasi, ili mtutu ukipata moto uwe umewapata wote. Duara lichore baada ya kupiga, pale punje zilipojaa, si pale ulipolenga. Fungua katriji moja ya kila aina kwa kisu na uhesabu punje zake kweli; usigawanye kwa namba ya kwenye boksi, kwa sababu punje kumi zilizopungua zinakula karibu asilimia 3 ya hesabu yako. Na ukiwa umezifungua, chukua punje moja ya kila aina uibane kwa koleo, kwa nguvu ileile. Inayokubali kirahisi zaidi ndiyo nadhani itakupa karatasi pana, vyovyote boksi lake linavyosema kuhusu kasi.